Unga Ulioumuka Chumbani kwa Cucu

Mpaka leo siwezi kukaa chumba kimoja na unga unaoumuka huku dirisha likiwa limefungwa. Nikishakanda unga hapa kwangu Meru mjini na kuufunika kwa kitambaa kibichi, nafungua dirisha kabla hata sijanawa mikono, mvua inyeshe isinyeshe. Ndipo harufu inapoanza kupanda. Ina uchachu kidogo na utamu kidogo, kama nguo ya mtoto mchanga iliyomwagikiwa maziwa. Marafiki zangu husema harufu hiyo inawakumbusha nyumbani. Mimi pia inanikumbusha nyumbani, na ndiyo maana nasimama karibu na dirisha.

Nyumbani kulikuwa Timau, upande ule wa mlima ambako jua hufika likiwa limechoka. Tulikaa kwenye nyumba ya mbao, na kati ya ubao na ubao palikuwa na nyufa ambazo upepo ulizijua kuliko sisi. Mama aliziziba kwa magazeti. Alikoroga unga wa ngano kwenye maji moto mpaka ukawa gundi, akaipaka ukutani kwa kiganja, akabandika karatasi juu ya karatasi, nami nikakua nikitazamwa na nyuso za wanasiasa waliosimama kichwa chini. Chumba cha Cucu ndicho kilichobandikwa vizuri kuliko vyote. Msimu wa ukungu ulipoanza, hata kidirisha chake cha mbao kilipigiliwa misumari.

Cucu alikuwa mama ya baba yangu. Alikuwa ameishi maisha yake yote Mikinduri, kwenye ndizi na miraa na jua la kutosha, na Babu alipofariki, baba akamleta juu kukaa nasi. Baba mwenyewe aliendesha kombaini kwenye mashamba makubwa ya ngano na tulimwona kwa nadra, kwa hiyo nyumba ilibaki ya wanawake: Cucu, Mama, shangazi Karimi ambaye alikuwa kitinda mimba wa Cucu, na mimi. Cucu hakuwahi kupatana na baridi ya Timau. Asubuhi akichungulia nje na kuona nyasi zimekuwa nyeupe, alirudi kitandani na viatu vyake.

"Huku mnakaa watu ama mnakaa nyama ya buchari?" aliuliza. "Mimi nimeletwa huku nisioze."

Mimi ndiye niliyepewa jina lake, kama ilivyo kwetu kwa msichana wa kwanza. Tuliitana wajina. Mama hakuweza kulitamka jina hilo kwa ukali, kwa kuwa lilikuwa la mama mkwe wake. Alipokasirika nami aliniita "wewe", na alipokasirika sana alinyamaza tu. Mimi nililichukulia jambo la jina kwa uzito kuliko mtu yeyote. Niliamini kwamba watu wa jina moja ni mwili mmoja uliokatwa vipande viwili. Cucu akikohoa, nilishika kifua changu.

Skonzi Mama alijifunza kanisani. Mwalimu mmoja alitoka mjini akafundisha akina mama wa kikundi chao kuoka bila ovena, na wenzake wote walijaribu mara moja wakarudi kwenye chapati. Mama hakurudi. Alikuwa na sufuria kubwa iliyotandikwa mchanga chini, na ndani yake sufuria ndogo iliyopakwa mafuta, ambamo alipanga madonge yakigusana mabega kama watoto kwenye dawati. Juu alifunika na kuweka makaa kwenye mfuniko. Skonzi zikitoka, zilikuwa laini kiasi kwamba ukiibonyeza moja, iliinuka tena polepole kama mtu aliyeamshwa. Jumapili baada ya ibada watu walizila wakasahau kuongea. Nadhani hakukuwa na kitu kingine duniani ambacho Mama alisifiwa kwacho.

Siku moja alinionyesha hamira. Alikuwa ameitia kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu na sukari, na povu la rangi ya udongo lilikuwa likipanda lenyewe bila moto.

"Hii ni kitu hai," alisema.

"Iko na macho?"

"Macho ya nini? Iko na mdomo tu. Inakula sukari, inapumua. Hiyo povu unaona ni pumzi yake."

"Inapumua hewa gani?"

"Hewa ziko ngapi? Si ni hii yetu."

"Na ikikosa?"

"Itakufa. Na baridi ndiyo inaiua haraka, kwa hivyo funga huo mlango."

Nilifunga mlango. Sikuwahi kuambiwa jambo la kutisha namna hiyo kwa sauti tulivu namna hiyo. Kitu kisicho na macho, chenye mdomo, kinachopumua hewa yetu, kilikuwa kikombeni nyumbani kwetu, na mama yangu alikuwa akikilisha sukari.

Msimu ule wa ukungu unga ulikataa kuumuka. Jiko letu la kuni lilikuwa kibanda nje, chenye mbao zilizoachana, na beseni likikaa humo asubuhi nzima unga ulibaki chini kama jiwe. Mama alifikiri sana, kisha akaona kwamba joto lote la nyumba yetu lilikuwa mahali pamoja, chumbani kwa Cucu, ambako jiko la makaa lilikuwa likiingizwa kila siku. Na Mama alikuwa mwangalifu. Aliyawasha makaa nje, akayapepea, akangoja moshi wote uishe na kila kaa liwe jekundu, ndipo akaliingiza jiko ndani. Kila mwanamke niliyemjua alifanya hivyo. Sisi tuliogopa moshi. Makaa mekundu tuliyapenda.

Jumamosi hiyo akaingiza na beseni, akaliweka kwenye stuli kati ya jiko na kitanda, akalifunika kwa leso. Cucu alikuwa amelala na kifua chake kibovu. Aliinua blanketi kidogo akalitazama beseni.

"Mama Wajina," alimwambia Mama, kwa maana ndivyo alivyomwita, "nikiwa msichana nililala na mbuzi. Nikaolewa nikalala na bwanangu. Sasa nimezeeka unaniletea mkate."

"Ni saa chache tu, Mama."

"Usijali. Huyu angalau hakoromi."

Wakacheka wote wawili. Mama akafunga mlango, akasukuma gunia chini yake, akatuambia mimi na shangazi Karimi kwamba asiingie mtu, baridi isije ikaua unga. Kisha akaenda kukata nyasi za ng'ombe.

Aliporudi alikwenda moja kwa moja kuuangalia unga, nami nikamfuata nyuma ya sketi yake. Kitu cha kwanza nilichoona ni leso. Ilikuwa imeinuka. Unga ulikuwa umepanda ukapita ukingo wa beseni, ukavimba chini ya kitambaa kama tumbo la mjamzito, na upande mmoja ulikuwa unaning'inia kuelekea kitandani. Kisha nikamwona Cucu. Mdomo wake ulikuwa wazi. Mkono mmoja ulikuwa umetoka nje ya blanketi, umeelekea mlangoni, na haukuwa unafanya chochote.

"Mama," Mama aliita. "Mama. Mama."

Alimshika kwapani akamburura mpaka nje, akamlaza kwenye nyasi zenye umande, naye shangazi Karimi akaja mbio akimwaga maji aliyokuwa ameyabeba. Mimi nilisimama mlangoni nikishika kifua changu kwa mikono yote miwili. Ilichukua muda mrefu. Halafu Cucu akavuta pumzi moja yenye sauti kama mlango mkavu, akageuka upande, akatapika.

Jirani yetu Mama Mutwiri alifika akiwa bado na jembe begani. Alimsikiliza Cucu akilalamika kichwa kinampasuka, akauliza, "Ama ni moshi ya jiko?"

"Moshi gani?" Mama akajibu. "Makaa ilikuwa imeiva kabisa. Haina moshi hata kidogo."

"Basi ni presha. Wazee wa joto, hii baridi inawapandisha presha."

Wakakubaliana ni presha. Wakaomba. Cucu, akiwa amefungwa mablanketi, alisema kwa sauti ndogo kwamba alikuwa amesikia kama kitu kimemkalia kifuani, kizito, laini, kikawa kinakunywa pumzi yake kidogo kidogo, na alipotaka kuita akakosa ya kuitia. Hakuna aliyenitazama aliposema hivyo. Mimi nililitazama beseni. Lilikuwa bado juu ya stuli, mlango ukiwa wazi, na unga ulikuwa umeanza kushuka taratibu kama mtu aliyeshiba anayekaa chini.

Unga hautupwi kwetu. Mama aliuoka jioni ile ile, na skonzi zikatoka laini kuliko zote alizowahi kuoka. Niliipasua yangu. Ndani ilikuwa imejaa vitundu, vidogo na vikubwa, na nilijua ni nini. Kila kitundu kilikuwa pumzi ya Cucu.

Sikuila. Niliishika mpaka ikapoa, nikaenda kitandani kwake.

"Kula, wajina."

"Hiyo ni yako."

"Si yangu. Ni yako. Kula yote."

Akala ili kunifurahisha. Nikaenda kuomba ya shangazi Karimi, nikamletea hiyo pia, na nikasimama hapo nikihesabu kila anachomeza kwa macho. Shangazi alimwambia Mama, "Huyu mtoto anampenda nyanyake mpaka inatisha." Hakuwa amekosea kuhusu kutisha.

Kuanzia hapo Jumamosi ikawa siku ya woga. Niliamka nikisikia Mama akichekecha unga, ile shii, shii ya chekeche. Hakuna mtu mzima aliyekuwa anaona ninachoona. Walikichukua kile kitu, wakakipa sukari, wakakifunika vizuri kisipate baridi, wakakifungia ndani na mwanamke mzee asiyeweza kukimbia. Na walikiamini. Wakati mwingine nilijilaza sakafuni, jicho kwenye ufa wa mlango, nikaona wekundu wa jiko na kivuli cha beseni ukutani, kivuli kikiwa kinene kuliko nilivyokiacha. Niliita, "Cucu?" Naye akajibu, "Niko, wajina." Baada ya kitambo niliita tena. Alichoka nami. "Kwani unataka nife ndio uache kuniita?"

Sikuwa na nguvu ya kupigana na Mama, lakini nilikuwa na kidole. Nyuma ya nyumba, mahali palipokuwa usawa wa kichwa cha kitanda cha Cucu, nilitafuta ufa kati ya mbao mbili, nikasukuma kijiti mpaka gazeti la ndani likatoboka. Niliweka mdomo hapo nikapuliza. Kisha nikaweka sikio, nikasikia Cucu anapumua. Nilifikiria hivi: kitu kile kinakunywa hewa ya chumbani, basi acha hewa iwe nyingi, kinywe kishibe, na Cucu abaki na yake. Kila Jumamosi nilikipanua kitundu changu, nikatoboa na kingine kando yake.

Cucu hakuzimia tena. Lakini skonzi zilianza kutoka ngumu. Mama alizibonyeza hazikuinuka. Alibadilisha hamira, akamlaumu mwenye duka, akajaribu kuongeza sukari, na Jumapili moja alirudi kutoka kanisani na kikapu ambacho kilikuwa hakijapungua, akakiweka mezani bila kutoa leso yake kichwani. Alikaa muda mrefu akikiangalia. Nilitaka kumwambia. Lakini ningemwambia nini? Kwamba kitu anachokipenda kinamnyonya Cucu, na mimi ninakitafutia hewa nyingine ya kunywa?

Zaidi ya hayo, kulikuwa na Cucu mwenyewe. "Kuna baridi inanitafuta hapa shingoni," alisema. "Hii nyumba yenu iko na mdomo mahali." Kikohozi chake kilizidi. Usiku nilimsikia akikohoa nikajua ni mimi, ni kitundu changu. Nikikiziba, unga utammaliza. Nikikiacha, baridi itammaliza. Nilikuwa mtoto ambaye bado hajaanza darasa la kwanza, na nilibeba hilo peke yangu kama ndoo iliyojaa, nikiogopa hata kugeuka.

Kisha ikaja siku ya shangazi Karimi. Wageni walikuwa wanatoka Kiirua, wazee wa upande wa kijana, kuja na kifungu cha miraa cha kumwombea msichana kama desturi ilivyo. Mbuzi alikuwa amechinjwa. Mukimo wa viazi na mahindi ulikuwa unapondwa na Mama Mutwiri na wenzake kule kibandani. Na Mama alikuwa ameapa kwamba wageni wa Kiirua wataanza na chai na skonzi, na skonzi zitakuwa laini, hata kama ni kitu cha mwisho atakachofanya. Jioni iliyotangulia alikuwa amepita chumbani kwa Cucu na mshumaa uliowashwa, akauangalia mwali ukiyumba, akafuata upepo mpaka akavipata vitundu vyangu.

"Ni panya," alisema.

Akakoroga gundi. Akabandika magazeti mapya, tabaka juu ya tabaka, akapiga kwa kiganja mpaka pakawa pagumu kama ngoma. Asubuhi nilipokwenda na kijiti changu nyuma ya nyumba, kilivunjika.

Siku hiyo mabeseni yalikuwa mawili. Jiko lilijazwa makaa mpaka juu, mekundu, mazuri, bila moshi. Cucu alikuwa ameshavalishwa gauni lake la kanisani na kitambaa cheupe kichwani, naye akaambiwa apumzike kitandani mpaka wageni wafike. Mama alinishika mkono akanikalisha kwenye kigoda mbele ya mlango wa chumba.

"Leo wewe ndiye askari. Watu ni wengi, kila mtu anataka kuingia ingia. Mlango usifunguliwe. Hata pasta akibisha."

"Na Cucu akitaka kutoka?"

"Cucu analala."

"Na akiwa—"

"Wewe," Mama alisema.

Alienda. Nikasikia watu wote kule nje, vicheko, mwiko ukigonga sufuria, mtu akiimba. Ndani, Cucu alikuwa anavuma wimbo wa kanisani kwa pua. Nilijibandika kwenye mlango.

"Cucu?"

"Niko, wajina."

"Umelala?"

"Nitalala aje ukiniita?"

Wimbo ukaendelea, ukapoteza maneno, ukabaki sauti tu. Nikasikia kitu kingine, au nilidhani nasikia: mapovu yakipasuka chini ya leso, pu, pu, kama midomo inayofunguka. Joto lilikuwa likitoka kwenye ufa wa mlango likinigusa paji.

"Cucu?"

"Mm."

"Cucu, sema niko."

Alichelewa. "Kichwa," alisema. "Huyu mkate wa leo ni mzito." Halafu akanyamaza.

Niliita tena. Niliita jina lake, ambalo watoto hawaruhusiwi kuliita, na kwa kuwa ni jina langu pia, ilikuwa kama nimejiita mwenyewe na hakuna mtu aliyeitika. Nimeogopa mambo mengi tangu hapo. Nimekaa kwenye korido za hospitali, nimengoja simu ambazo hazikulia. Lakini sijawahi tena kuogopa kama nilivyoogopa nikiwa nimeshika komeo la mlango ule, upande mmoja kuna kile kitu na upande mwingine kuna Mama.

Nilifungua. Joto lilinipiga usoni kama mtu. Mabeseni yote mawili yalikuwa yamejaa yakamwagika, unga umeinua leso na kuanza kutembea juu ya stuli, na katikati yake Cucu alikuwa amelala na gauni lake zuri, kitambaa cheupe kimemteleza, mdomo wazi kama siku ile.

Sikumkimbilia Cucu. Nilikimbilia unga. Nilikumbatia beseni la kwanza, zito, lenye uvuguvugu kama mwili, nikaliburura nje nikalipindua kwenye nyasi. Nikarudi nikachukua la pili. Mlango wa chumba ulibaki wazi na wa mbele pia, na upepo wa mlimani ukaingia ndani ya nyumba bila kuzuiwa, lakini hayo sikuyaona. Niliona unga tu. Niliupiga ngumi. Ulipumua, fuuu, ukanywea, nami nikaelewa kwamba ndivyo pumzi inavyotolewa. Lakini nilikuwa naitoa mahali pasipofaa, naimwaga bure kwenye nyasi. Nikakata donge kubwa kadiri mikono ilivyoweza, nikarudi mbio, nikapanda kitandani, nikaliweka mbele ya mdomo wa Cucu, nikalikamua. Mapovu yakapasuka puani mwake. Nikakimbia nje nikachukua jingine. Nilikuwa nalia na kusema, "Rudisha. Rudisha. Rudisha."

Hivyo ndivyo Mama alivyotukuta. Mimi nimempandia Cucu kifuani, mikono na nywele zimejaa unga na majani, na Cucu akiwa na unga kwenye kidevu, anakohoa. Anakohoa.

Mama alinitazama, akamtazama Cucu, akaugusa ukuta wake wa magazeti uliokuwa mgumu kama ngoma. Kisha akalitazama jiko. Lilikaa pale pale, jekundu, bila moshi. Uso wake ulibadilika kama mtu aliyemtambua mgeni. Aliliinamia, akalikamata kwa mikono mitupu, akalibeba mpaka nje akalitupa, makaa yakatawanyika kwenye umande yakilia. Nilisikia harufu ya ngozi yake ikiungua. Nikajiuliza kwa nini amelitupa jiko nje ilhali mwizi ni mwingine, na nilikuwa nimeshammaliza.

Wageni wa Kiirua walimkuta Cucu ameketi juani na mablanketi matatu, macho mekundu lakini wazi. Alipokea kifungu cha miraa kwa mikono yake miwili. Mama alikuwa amefunga viganja kwa vitambaa, akisema ni mvuke wa sufuria. Unga uliobaki kwenye kuta za mabeseni ulitosha skonzi chache, ngapi sijui, bapa na ngumu. Mzee mmoja alibonyeza yake akatabasamu kwa adabu. Mama hakuonekana kujali. Alisimama nyuma ya kiti cha Cucu muda wote, na kila mara alimwinamia kana kwamba anasikiliza kitu.

Siku iliyofuata alichukua shoka akang'oa misumari ya kidirisha, na pale juu karibu na mabati akaondoa ubao mzima. Jiko halikuingia tena chumbani. Hakuniambia sababu, wala hakunigombeza. Kwa miaka mingi niliamini ni ngumi zangu zilizofanya kazi, mpaka mwalimu wa kemia alipotueleza kuhusu hewa isiyo na harufu inayotoka kwenye makaa yaliyoiva, nami nikaweka kalamu chini nikashika kifua changu mbele ya darasa zima.

Lakini Cucu aliniuliza siku ile ile, wageni wakiwa wanaimba. "Wajina, ulikuwa unanipaka nini puani?"

"Nilikuwa nakurudishia pumzi. Unga uliichukua."

Nilitegemea kicheko. Hakucheka. Alifikiri, akachukua ile skonzi bapa kutoka kwenye sahani yangu, akaipasua chini ya pua yake, akavuta kwa nguvu macho yamefumbwa.

"Hapo," alisema. "Nilikuwa nasikia kuna kidogo imebaki."

Ikawa desturi yetu. Kila skonzi aliyokula tangu hapo, hata nilipokuwa mtu mzima mwenye kazi na simu, aliipasua kwanza chini ya pua. "Wacha nichukue yangu," alisema, na mimi pekee nilijua anamaanisha nini.

Mwaka huu kifua chake kilimshinda. Niliitwa nikaenda Timau, nikamkuta kwenye chumba kile kile, amekuwa mdogo kitandani kama nilivyokuwa mimi, na kati ya pumzi na pumzi palikuwa na nafasi ambayo sikuweza kuivumilia. Nilikwenda kuoka kwa sababu sikujua la kufanya. Mama alinikandia, viganja vyake vikiwa na ule ung'avu wa ngozi iliyoungua zamani. Tuliuacha unga uumuke kwenye kibanda, polepole, ukachukua asubuhi yote. Kila mara mmoja wetu alitoka kwenda kusimama mlangoni kwa Cucu na kusikiliza.

Skonzi zikatoka laini. Nilimpelekea moja ikiwa bado ya moto, nikaketi kitandani, nikaipasua chini ya pua yake, mvuke ukapanda.

"Chukua yako, wajina."

Alifungua macho. Aliinuka kidogo kuelekea ile harufu, kisha akaacha. Mkono wake ukatoka kwenye blanketi, ukatafuta mkono wangu, ukausukuma na skonzi yake kurudi upande wangu, mpaka ikagusa midomo yangu.

"Hii baki nayo," alisema.

Sikutaka. Nilitikisa kichwa kama mtoto. Lakini hakuuondoa mkono, na ulikuwa mkono mzito kuliko nilivyotegemea. Kidirisha kilikuwa wazi, na pale juu, ubao ulipokosekana, baridi ya Timau ilikuwa ikiingia inavyotaka. Nikafungua mdomo, nikala.